Barua kutoka Malindi juu ya wanaovuka mipaka

Malindi, Kenya

Ndugu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, alhamdulillah, na ni matumaini yangu kwamba wewe, mama na watoto mu wazima wa afya. Barua yako kutoka Tanga imenifikia, nami nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale uliponiomba nikusaidie kuandaa somo la uhamaji wa kimataifa kwa wanafunzi wako wa kidato cha tatu. Umenieleza kwamba sababu yake umekwisha kuiandika ubaoni kwa neno moja, yaani umaskini, na kwamba unachotaka kwangu ni mifano tu. Mifano ninayo, ila haikubaliani na neno hilo, na ndiyo maana jibu langu limekuwa refu.

Kwanza uitazame hesabu yenyewe. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi zao za asili. Idadi hiyo ni kubwa, lakini ukiipima kwa watu wote wa dunia haifiki hata 4 katika kila 100. Kama umaskini peke yake ungetosha kumtoa mtu katika nchi yake, basi wahamiaji wangekuwa wengi maradufu, na wangetoka zaidi katika nchi zilizo fukara kupita zote. Sivyo ilivyo. Nchi iliyotoa wahamiaji wengi kuliko nyingine yoyote ni India, na Meksiko nayo imo katika safu za mbele, wala hakuna kati ya hizo mbili iliyo ya mwisho kwa ufukara. Anayekwenda mbali hana budi kuwa na nauli, pasipoti, viza, na mara nyingi mtu wa kumpokea. Asiye na chochote, akihama, huenda mji ulio karibu. Mwanajiografia E. G. Ravenstein aliligundua jambo hili tangu mwaka 1885, alipochambua sensa za Uingereza na kuona kwamba wengi wa wanaohama huenda masafa mafupi, na kwamba kila mkondo wa watu wanaokwenda huzaa mkondo mwingine wa wanaokuja kinyume chake.

Mfano ambao ningependa uwe moyo wa somo lako ni wa njia moja ya bahari unayoijua vizuri, kwa kuwa hupita mlangoni kwenu. Wavuvi wa Pemba, na hasa Wakojani, yaani watu wa kisiwa cha Kojani, wamekuwa wakifuata samaki katika pwani hii yote kwa misimu, wakipiga dago, yaani kambi za muda za uvuvi, huko Tanga na huku Kenya katika Shimoni, Mayungu, hata Lamu, kisha wakirudi kwao. Huo ni uhamaji wa msimu, na sababu yake ni samaki, upepo na soko. Baadhi yao walioa huku, wakapata watoto, wakajenga, na uhamaji wa msimu ukageuka kuwa ukaazi. Walioanza kuja walifuata samaki, lakini waliokuja baada yao walimfuata ami au shemeji ambaye tayari alikuwa na chombo na pa kulala. Hapa ndipo penye jambo ninalokuomba uwakazie vijana: sababu iliyoanzisha safari mara nyingi siyo inayoiendeleza. Samaki wanaweza kupungua na watu wakaendelea kuja, kwa kuwa jamaa wameshakuwa wengi upande huu kiasi cha kuifanya safari kuwa nyepesi.

Kisha njia hiyohiyo ikapitisha watu wa namna nyingine kabisa. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 walikuja waliokimbia kwa kuhofia roho zao, na mwezi kama huo mwaka 2001, baada ya maandamano ya Pemba kuzimwa kwa risasi, watu zaidi ya 2,000 walivuka hadi Shimoni kuomba hifadhi. Hao walikuwa wakimbizi, ingawa bahari waliyoivuka ni ileile waliyoizoea wavuvi. Na wale wa zamani, waliokuwa wameishi Kwale na Kilifi kwa vizazi, walikuwa na shida yao: Kenya haikuwaandika kuwa raia wake, wala hawakuwa na karatasi za upande wa pili, kwa hiyo mtu alizaliwa, akaoa na akazeeka bila kitambulisho, hawezi kumiliki ardhi kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti ya benki. Ni mwaka 2023 tu ambapo Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba hao kuwa raia na kuanza kuwapa vitambulisho. Mvuvi wa msimu, mkaazi, mkimbizi, mtu asiye na utaifa, raia: aina zote hizo zimepita katika maji yaleyale, na pengine katika ukoo mmoja. Kwa hiyo usiwafundishe aina za uhamaji kana kwamba ni aina za watu. Ni aina za hali, na hali hizo sheria ina mkono mkubwa katika kuziumba.

Juu ya wakimbizi inafaa uwe makini, kwa kuwa hapo ndipo watu huchanganya mambo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamtambua kuwa mkimbizi yule aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipotoa mkataba wake mwaka 1969 uliupanua mlango huo, ukawaingiza pia wanaokimbia uvamizi kutoka nje na machafuko makubwa yanayovuruga amani ya umma, na nadhani hilo ni moja ya mambo ya busara kuliko yote ambayo umoja ule ulitenda. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni na watu wa Barawa walikuja kwa majahazi hadi Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine wengi wakavuka kwa nchi kavu hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Miaka 20 baadaye ukame ukaikuta nchi ambayo tayari ilikuwa vitani, njaa ikatangazwa Julai 2011, na Dadaab ikafurika hata wakawa zaidi ya watu 400,000. Ukimuuliza mama aliyefika siku zile ni nini kilichomtoa, bunduki au ukame, utakuwa umemuuliza swali lisilo na jibu, maana vita ndivyo vilivyozuia chakula kumfikia. Ukame peke yake haumpi mtu hadhi ya ukimbizi katika mkataba wa 1951, na wengi wanaohama kwa ukame hubaki ndani ya mipaka ya nchi yao, wakiitwa wakimbizi wa ndani, nao hawamo katika hesabu niliyokutajia.

Usiiache Yemen nyuma, kwa maana inamthibitisha Ravenstein kwa namna ya kuhuzunisha. Tangu vita vya 2015 Wayemeni wamevuka kwenda Jibuti na Somalia kutafuta usalama, na wakati huohuo vijana wa Ethiopia na Somalia wamekuwa wakivuka bahari ileile kuelekea Yemen wakitaraji kufika Saudia kufanya kazi.

Saudia hiyo inanileta kwa mabinti zetu. Katika mitaa ya Malindi na Mombasa ni nadra kukuta ukoo usio na binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, na wewe wajua kwamba wanaokwenda sio walio fukara zaidi mtaani. Ni yule mwenye cheti cha shule, au mwenye mjomba wa kumkopesha, au aliyepata wakala anayemlipia kwanza. Sababu ya upande wetu ni ukosefu wa kazi, lakini sababu iliyo nzito zaidi iko upande wa pili: tangu bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, nchi za Ghuba zimejengwa na kutunzwa kwa mikono ya wageni, na nyumba zao leo haziwezi kwenda bila wao. Halafu kuna sheria. Chini ya mfumo wa kafala, ruhusa ya mfanyakazi kuwa nchini imefungwa kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini. Akitoroka mateso bila idhini huripotiwa kuwa mtoro, na kuanzia saa hiyo huwa mhamiaji asiye na kibali, ingawa aliingia kwa ndege, mchana, na viza halali mkononi. Saudia ililegeza masharti mwezi Machi 2021 kwa wafanyakazi wengi wa kampuni, ila wa majumbani waliachwa nje. Jambo hili linanichoma, na ningependa wanafunzi wako wa kike walijue kabla wakala hajabisha hodi. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walioko nje zilizidi dola bilioni 4 mwaka 2023, na huwa tunazisifia bila kuuliza ni kwa masharti gani zilipatikana.

Wala wasidhani kwamba mhamiaji ni lazima awe mtu wa shida. Malindi imejaa Waitaliano, na chanzo chao huku ni mradi wa San Marco, kituo cha kurushia setelaiti kilichojengwa baharini karibu na Ngomeni miaka ya 1960. Baada ya wahandisi walikuja wenye hoteli, na baada yao wazee waliostaafu, ambao pensheni yao hufika mbali zaidi hapa kuliko kwao. Leo Mwitaliano anayehamia Malindi hana habari na setelaiti. Anakuja kwa sababu kuna wenzake, kuna mikahawa yao, na hata wauza matunda barabarani humsemesha kwa lugha yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wakojani wa Mayungu. Kinachowatofautisha ni fedha na karatasi.

Kwa hiyo nakuomba ulifute neno lile ubaoni, na badala yake uwatume wanafunzi wakaulize majumbani mwao nani katika ukoo alihama, nani alimtangulia huko, nauli ilitoka wapi, na sheria ya alikofika ilimpa jina gani.

Mwisho nami nina swali. Mashamba ya mkonge ya Tanga yaliwavuta vibarua kutoka Msumbiji na Burundi wakati wa ukoloni, kama vile mashamba ya Kwale yalivyowaleta Wamakonde, ambao Kenya haikuwatambua hadi mwaka 2016, baada ya wao kwenda Nairobi kwa miguu kudai haki yao. Je, wajukuu wa vibarua wenu wana vitambulisho? Ukipata mzee wa Muheza au Korogwe aliye tayari kusimulia, tafadhali yaandike maneno yake kama alivyoyasema, unitumie.

Nisalimie wote nyumbani, mkubwa kwa mdogo.

Wasalaam,
Ni mimi nduguyo wa Malindi