Taa ya pointi iulize reli, isiulize kidole

Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nawasoma kwenye simu nikiwa huku Ujerumani karibu na Nürnberg, na kila nikifungua gazeti nakutana na SGR, safi kabisa, ila leo nataka kuongelea reli nyingine, iko nyuma ya nyumba yangu kati ya nyanya na mtufaha. Kuna mwenzetu aliandika humu kwamba mtu mzima kununua treni za kuchezea ni kukosa kazi. Sijakasirika. Ila ngoja nimwambie kitu.

Reli zangu zina upana wa milimita 45. Kampuni ya Lehmann ya hapahapa Nürnberg ilianza kuziuza mwaka 1968 kwa jina la LGB, na kipimo chake ni 1 kwa 22.5, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 22.5. Sasa chukua simu upige hesabu, 45 mara 22.5, inakuja elfu moja na kidogo, yaani mita moja, na mita moja si ndo upana wa ile reli yetu ya zamani ya Mombasa kwenda Kisumu na ya Dar kwenda Kigoma! Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu bustanini, kumbe nimejenga reli ya nyumbani bila kujua.

Basi kilichonisumbua mwaka mzima ni pointi, pale njia inapogawanyika mbili. Ninazo nne, na jioni giza likiingia huoni ndimi za reli, vile vipande vinavyosogea kugeuza njia, zimelala upande gani, ukikaa kwenye kiti chako na chai ndo kabisa. Nkasema niweke taa. Nikachukua kibao, nikafunga swichi ya kuendesha mota ya pointi, na kwenye swichi hiyohiyo nikaunga taa mbili za LED, kijani njia kuu, nyekundu njia ya pembeni. Ilipendeza sana. Siku ya tatu kijiwe kikaingia kati ya ulimi na reli, nikabonyeza, kibaoni kijani ikawaka vizuri tu, injini ikafika pale, magurudumu ya mbele yakaenda huku ya nyuma yakaenda kule, ikalala kwenye nyanya. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jirani yangu ni mzee mstaafu wa reli, akaja kuangalia, akaniuliza swali moja tu: hii taa inajuaje kama pointi imegeuka? Nikanyamaza. Maana taa yangu ilikuwa inasema nilichobonyeza, haikuwa na habari yoyote ya reli yenyewe.

Nikabomoa. Safari hii nimeweka swichi ndogo sana, ile yenye kiulimi cha kubofya na miguu mitatu, nimeibana pembeni ya kile kijiti kinachosukuma ndimi, kwa hiyo ndimi zisipofika mwisho nayo haibofyeki. Mguu wa pamoja unapokea umeme, mmoja unaenda kijani, mwingine nyekundu. Adapta ni ya volti 12 na ni ya peke yake, usije ukachota umeme wa reli, kwa sababu treni ikisimama umeme hamna na ikirudi nyuma unageuka, taa zinazima. LED nyekundu inakula kama volti 2, zinabaki 10, rizista, kile kidude cha kubana umeme, ya om 1,000 inakupa miliampea 10, inatosha hata mchana kibaoni. Na kwa vile taa moja tu ndo inawaka kwa wakati mmoja, rizista moja kwenye mguu wa pamoja inahudumia zote mbili.

Kule bustanini penyewe sikuweka rangi. Wajerumani kwenye pointi zao walikuwa na fanusi nyeusi yenye kidirisha cheupe, mstatili uliosimama maana yake njia imenyooka, mshale maana yake unachepuka, na fanusi yenyewe inazunguka pamoja na ndimi kwa fimbo, haiwezi kudanganya labda fimbo ikatike. Naona walifikiri vizuri, nyekundu uiachie kazi ya kusimamisha treni. Yangu nimekata kwa plastiki, kijisanduku cha milimita 18, nyuma ya kidirisha karatasi ya kunukulia inayopitisha mwanga, ndani LED nyeupe yenye rizista ya om 4,700, chini ya hapo inachoma macho. Waya unapanda ndani ya kibomba cha shaba ambacho ndo ekseli, unajikunja robo mzunguko tu kwa hiyo haukatiki. Maungio yote nimepaka vanishi, mvua ya hapa haina msimu, na konokono wanapenda joto la mota sijui kwa nini.

Sasa huyo mwenzetu wa kukosa kazi aje aniambie mtoto wa miaka tisa aliyeshika bisibisi na kuhesabu om yeye mwenyewe anapoteza muda gani.

Ombi langu ni dogo. Wazee wa reli wa Voi, Tabora, Morogoro, kama mnasoma humu, ile taa ya kwenye pointi mlikuwa mnaiitaje kazini? Mi naiita fanusi ya pointi, na mwanangu ananiambia hilo jina nimelitunga.

Msomaji wenu, Ujerumani