Kobe hauawi na mwendo wa gari, huuawa likisimama

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako kwa ajili ya wenzetu wanaosafiri na kobe kwa gari kati ya Kigoma na Tabora. Wengi huogopa mtikisiko wa barabara. Kobe aliyewekwa vizuri huuvumilia. Hatari kubwa iko pale gari linapozimwa Nguruka, Kaliua au Urambo, watu wakateremka kula, naye akabaki ndani vioo vikiwa vimefungwa.

Kobe hatoi jasho, na joto la mwili wake hufuata la mahali alipo. Porini angejiondokea juani akaingia kichakani. Ndani ya boksi hana pa kwenda. Gari lililoegeshwa juani huongezeka nyuzi 10 hivi kwa dakika 10 tu. Mchana wa Oktoba nje kukiwa na nyuzi 32, ndani zitafika 42 kabla chakula hakijaletwa mezani, na joto hilo linaua. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Mkiteremka, teremkeni na boksi, mliweke chini ya mwembe, na mmoja akae nalo.

Maandalizi yaanze siku moja kabla. Mnyimeni chakula siku hiyo, lakini maji apate ya kutosha: asubuhi ya safari mwekeni kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayoishia chini ya kidevu, dakika 20 hadi 30. Atakunywa, na mara nyingi atajisaidia humo humo. Kobe huweka akiba ya maji kwenye kibofu, na akishtuka huimwaga yote. Ndiyo maana kumshikashika njiani, au kumpakata ili watoto wamwone, kunamkausha.

Boksi liwe la mbao au plastiki ngumu isiyopitisha mwanga, refu kuliko gamba kwa sentimita 10 tu, na juu ya gamba ibaki nafasi ya vidole vitatu. Watu humwonea huruma wakampa boksi kubwa, kumbe ndilo linalomwumiza: kila breki anateleza na kugonga ukuta, au anapinduka. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo. Akilala chali, matumbo huyakandamiza na pumzi hupungua. Toboeni matundu pembeni, unene wa penseli, kuanzia ndani kwenda nje, ili ncha kali zisibaki upande wake. Chini tandikeni taulo kuukuu na magazeti yaliyochanwa. Mchanga hapana, vumbi lake huingia machoni na puani. Bakuli la maji nalo hapana. Kila kobe na boksi lake, hasa madume, maana hugongana.

Boksi likae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, wala si kwenye buti ambako hewa ni finyu na hamtamwona. Ukitoka Kigoma alfajiri jua linakuja kwa mbele, na pale nyuma ya kiti pana kivuli. Baada ya saa sita linahamia kioo cha nyuma, basi lifunikeni kwa kitenge chepesi bila kuziba matundu. Kiyoyozi kisimpulizie moja kwa moja. Wekeni kipimajoto ndani ya boksi: nyuzi 24 hadi 30 ni salama. Zikipita 35, simameni kivulini mara moja.

Akianza kukwaruza kwa nguvu, akatoa povu mdomoni au miguu ikalegea, amezidiwa na joto. Mwagieni miguu na shingo maji ya kawaida, taratibu. Msitumie maji ya barafu, mshtuko wake nao ni hatari.

Kibali kiwe mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Kobe ni mnyamapori, analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mambo ya kumfuga na kumsafirisha huulizwa ofisi za TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kabla ya siku ya safari.

Mkifika, mrudisheni kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha mwacheni kivulini peke yake. Majani mpeni kesho yake. Asipoyagusa siku ya kwanza msihangaike. Akifikisha siku ya nne bila kula, au pua ikatoa kamasi, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Na kila aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima.

Wafugaji wa kobe,
Tabora