Kwa Mwanangu Aliyeko Bwenini Njombe

Tukuyu, Agosti

Mwanangu mpendwa,

Dada yako amerudi na kuniambia kwamba soksi yako ya kubana imelala chini ya godoro, kwa kuwa wenzako wa bwenini walikuuliza kama umevaa mguu wa bibi. Nimekasirika, na usiku sikulala. Baba yako alitangaza hadi mnadani kwamba umechaguliwa kusoma fizikia, kemia na baiolojia; mwanafunzi wa baiolojia anahitaji kuambiwa na mama yake mchuma chai kwamba vena za mguu wako, yaani mishipa ya kurudisha damu moyoni, zilizoumbika vibaya tangu tumboni hazipitishi damu vizuri, ikatuama na kuganda vibonge vinavyouma?

Utanijibu kama kawaida yako kwamba soksi haiponyi. Najua haiponyi. Inazuia mguu usijae, na kwa umri wako huu wa kubalehe, ambao daktari alisema huzidisha tatizo, hilo si jambo dogo. Ivae kabla hujashuka kitandani, kwani ukishasimama mguu umekwisha kujaa. Ifue kwa mkono na kuianika kivulini, wala usiikaushe juu ya jiko la mkaa hata Njombe ikiwa na baridi kiasi gani, kwa maana mpira wake utalegea.

Paredi ikiwa ndefu, mwombe mwalimu ukae. Usione haya, barua ya daktari anayo matroni. Usimruhusu mtu yeyote kuukanda mguu huo wala kuuchanja. Tafu likiwa jekundu ukapata homa, au mguu ukivimba ghafla, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na una mtihani kesho.

Habari ya kuchomwa dawa ndani ya vena ili zisinyae tutaizungumza likizo. Baba yako anataka kuuza mtamba, mimi nasema tuulize kwanza bima inalipa kiasi gani, na mpaka leo hatujaelewana. Migomba ya bondeni imeangushwa na upepo, ndiyo maana ndizi ninazokutumia ni chache.

Zimo pamoja na jozi ya pili ya soksi katika kifurushi nilichompa kondakta wa basi la Makambako. Kutoka hapo mjomba wako atakuletea. Ukikipokea, azima simu ya matroni unipigie, na uniambie umeivaa au hujaivaa.

Mama yako