Tulipwe hata siku tunayokataa kuingia korongoni: Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwelekezi wa watalii katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Naivasha. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Wikendi ambazo wageni ni haba huku, mimi huvuka hadi Sagana kushika kasia kwenye boti za mpira za Mto Tana. Korongo na mto ndivyo vinavyolisha nyumba yangu, na ndivyo vimenifundisha jambo ninalokuomba leo.

Mgeni akija Hell's Gate mara ya kwanza huona ukavu tu. Amekodisha baiskeli barabarani, amepita Lango la Elsa, ametimuliwa vumbi usoni, amewapiga picha punda milia na ule mwamba mrefu uitwao Mnara wa Fischer. Tukishuka korongoni anakuta mchanga na kuta za majivu ya volkano, na maji ya moto yakichuruzika mwambani. Pana sehemu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ukiangalia juu mbingu ni kama utepe. Kuta hizo zilichongwa na maji, Mheshimiwa. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko hili la leo, na maji yake yalitoka ziwani kwa kupitia hapa. Mvua kubwa ikinyesha, maji hurudia njia ile ile.

Na mvua yenyewe si lazima ikunyeshee. Hunyesha juu huko, mbali, nawe chini jua linakuchoma utosini.

Alasiri moja nilikuwa na wanafunzi tisa wa chuo. Tulikuwa tumeshapita sehemu nyembamba pale nilipohisi upepo baridi shingoni, ukifuatwa na harufu ya udongo uliolowa. Nikatazama chini. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakija mchangani polepole, membamba kama kifundo cha mkono, yamebeba povu na miiba ya migunga. Sikungoja. Nilimsukuma wa kwanza juu ya mwamba, akamvuta wa pili, wa pili akamvuta wa tatu. Wa mwisho alipanda na kiatu kimoja. Kufumba na kufumbua, pale tulipokuwa tumesimama pakawa mto unaonguruma na kubingirisha mawe. Tulikaa juu ya ule mwamba hadi giza likaanza kuingia, tumeshikana, msichana mmoja akiimba pambio kwa sauti ya chini.

Baadaye waliniuliza nilijuaje. Walinishukuru sana, nami nikanyamaza. Ukweli ni kwamba asubuhi nilikuwa nimeliona wingu. Lilikuwa jeusi, limekaa juu ya vilima, na mtu yeyote wa kazi hii angelitambua. Lakini wale walikuwa wageni wangu wa kwanza wiki hiyo, na mwanangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ningesema hatuingii, ningerudi nyumbani mikono mitupu. Nikaingia na watoto wa watu.

Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Tarehe 1 Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yalichukua watu saba katika korongo hili, mmoja wao akiwa mwelekezi mwenzetu. Miaka saba kabla yake, Aprili 2012, vijana saba wa kanisa walikufa humu humu. Sisemi waliowaongoza walisukumwa na njaa, maana sijui mioyo yao. Nasema mimi nilisukumwa, na najua si mimi peke yangu.

Sagana mambo ni tofauti. Tuna jiwe lenye alama pembeni ya mto. Maji yakipita alama, safari imeahirishwa, hakuna mjadala, na sisi tuliofika tunapewa nusu ya malipo ya siku. Kwa hiyo naliangalia lile jiwe nikiwa na akili iliyotulia. Korongoni naliangalia wingu huku nikihesabu unga uliobaki nyumbani. Ni macho yale yale, Mheshimiwa, lakini hayaoni sawa.

Haya hayakuanzia kwetu. Kule Arizona, Marekani, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, kuna korongo jembamba liitwalo Antelope Canyon. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walifia humo kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali juu ya korongo. Baada ya msiba ule waliweka ngazi za chuma zilizofungwa mwambani na redio ya taarifa za hali ya hewa, na leo mgeni haingii bila mwelekezi mwenye kibali.

Ngazi na kamba nasi tunazihitaji, pamoja na mtu mwenye redio huko juu msimu wa mvua. Ila ombi langu kubwa ni hili: sehemu ndogo ya ada ya kiingilio itengwe, ili siku korongo linapofungwa kwa ajili ya wingu, kila mwelekezi aliyesajiliwa na aliyefika kazini apate nusu ya malipo yake. Wapo watakaosema tutapiga kelele za mvua kila siku ili tulipwe tumekaa. Hapana. Nusu ni nusu, na bakshishi ya mgeni aliyefurahi huwa haiji ukiwa umeketi langoni. Tena yule mtu wa redio ndiye atakayethibitisha.

Nakukaribisha uje kabla ya masika, asubuhi, na viatu vyenye soli inayoshika. Nitakupeleka hadi kwenye ule mwamba wetu. Ukutani bado kuna mstari wa tope lililokauka, nami nikisimama chini yake na kuinua mkono, siufikii.

Wako mtiifu,
Mwelekezi wa watalii, Naivasha