Ukibadilisha injini ya pikapu, breki nazo zitazamwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye pikapu wenzangu, hasa sisi tunaoshuka mlima wa Lushoto na mizigo.

Nina Hilux ya zamani iliyokuja na injini ya dizeli iitwayo 2L. Kwa miaka 11 imenibebea kabichi, karoti na hoho kutoka Lukozi hadi Mombo, na fremu yake mpaka leo ni imara. Mwaka jana ilichemsha, silinda hedi ikapasuka. Hedi za mtumba nilizoletewa zote zilikuwa zimeshachomelewa. Fundi akaniambia, "Mama, achana na dizeli, tukuwekee injini ya GX100." Hizo ni injini za petroli za saluni ya Toyota, zimejaa madukani, spea zake zipo kila kona. Nilikuwa na kabichi shambani zinazoanza kupasuka na kila safari nakodi gari la watu, nikakubali. Kwa ushauri huo simlaumu.

Injini ile ya saluni ina silinda 6, ni ndefu kuliko ya kwanza. Rejeta ikasogezwa mbele, feni ya mkanda ikatolewa, ikafungwa ya umeme. Ilipowaka nilifurahi kwa kweli: haina moshi, haina kelele, na kwenye tambarare inakimbia. Mlimani mambo yakawa mengine. 2L ina cc 2,446 na huvuta vizuri ikizunguka mara 2,400 hivi kwa dakika. Ya GX100 ina cc 1,988. Ukiangalia mbio, imeishinda dizeli mbali, lakini nguvu yake ya kuvuta huipata ikishapita mizunguko 4,000. Kwa hiyo dereva mwenye tani moja ya kabichi anapanda anapiga resi gia ya kwanza na ya pili, petroli inakwisha na sindano ya joto inapanda.

Hiyo ni hasara ya mfukoni, ningeivumilia. Ninaandika kwa sababu ya breki.

Kwenye dizeli hii, busta inayolainisha pedali ya breki hupata nguvu kutoka pampu ndogo ya kuvuta hewa iliyofungwa nyuma ya alteneta. Injini ikitolewa, pampu inaondoka nayo. Injini ya petroli huvuta hewa hiyo kwenye manifoldi yake, yaani bomba la kuingizia hewa, kupitia mpira maalumu, mgumu, usiobonyea. Kwenye gari langu ulifungwa mpira wa kawaida wa kupitishia mafuta. Ukiwa baridi ulikuwa mzima. Ukipata joto ulilainika, ukanyonywa, ukabanana.

Mwezi wa tatu, alfajiri, mtoto wa dada yangu alikuwa anashuka na mzigo, ameshapita Soni. Pedali ikawa ngumu kama anakanyaga ukuta. Busta ikifa breki haziishi kabisa, ila zinataka nguvu ambayo mguu wa mtu hauna wakati tani nzima inasukuma kwa nyuma. Akarudi gia ya pili, akavuta hendibreki, akaliegesha gari kwa nguvu kwenye mtaro wa upande wa mlima. Upande wa pili ni bonde. Mimi nilikuwa Mombo nasubiri mzigo, simu ikalia: "Mama mdogo, mimi mzima, bega tu." Nikakaa chini palepale sokoni.

Askari alipofika akaomba kadi ya gari. Kadi inasema dizeli, inasema cc 2,446, na ina namba ya injini ambayo garini haipo. Nilikosa la kumjibu. Injini niliinunua bila risiti yenye namba, na mabadiliko sikuyapeleka popote. Hilo ni kosa langu.

Fundi wa pili aliyelifungua gari alikuta na jingine. Petroli ya injini hii husukumwa kwa presha ya bar 3 hivi, nayo ilikuwa inapita kwenye mpira uleule wa zamani wa dizeli, umeshavimba, juu kidogo ya bomba la moshi. Kijana wangu alikuwa analala ndani ya gari hilo akisubiri foleni ya kupakia.

Mafundi wetu wana mikono, sitaki wazuiwe. Bila wao nani kati yetu angenunua gari jipya? Ninachoomba ni kwamba fundi akibadilisha injini asirudishe funguo mpaka ameshuka nalo mlima likiwa na mzigo, na atuandikie alichogusa: mpira wa busta, mipira ya mafuta, feni. Muuza injini aandike namba yake kwenye risiti hata kama mteja hajaomba. Na katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, kabla stika ya ukaguzi haijabandikwa, boneti ifunguliwe na injini ilinganishwe na kadi. Taa na tairi peke yake hazitoshi kwa magari ya mlimani.

Gari langu sasa lipo gereji linafungwa 3L, dizeli ya cc 2,779 inayokaa palepale ilipokaa 2L, na pampu yake nyuma ya alteneta. Risiti yenye namba ninayo. Jumatatu naipeleka kadi ikarekebishwe, na kabla ya hapo halibebi hata karoti moja.

Mfanyabiashara wa mboga,
Lukozi, Lushoto