Yah: Mota mliyoniuzia kama kilowati 10 inatoa 4, na fyuzi mliyonipa ni ya AC, yaani umeme wa nyumbani, siyo wa betri

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi ndugu meneja. Mimi ndo yule mteja wa Corolla KE70, nilichukua kwenu mota, kontrola (kile kifaa cha kuongoza umeme wa mota) na fyuzi tarehe 14 Machi kwa shilingi 3,400,000, risiti ninayo na vijana wa dukani wananijua maana nimeshakuja mara nne. Naandika barua sababu wasap mnasoma hamjibu, nikipiga naambiwa fundi katoka, kesho njoo, kesho nayo inapigwa kalenda.

Hii gari ni ya marehemu baba. Injini yake ni ile 4K ya cc 1290, ya kabureta, na sina mpango wa kuitoa, nilichotaka ni mota ya kuisaidia tu, yaani kwenye foleni ya Kimara mpaka Ubungo gari iondoke kwa umeme halafu injini ipokee barabara ikifunguka, maana mota ya umeme inavuta kwa nguvu zake zote hata ikiwa ndo kwanza inaanza kuzunguka, wakati injini ya petroli hapo ndo inahangaika na kunywa mafuta bure. KE70 inasukumwa na tairi za nyuma kwa hiyo propela shafti ipo pale chini, fundi wangu akachonga spoketi tukaifunga nyuma ya gia boksi kwa cheni. Betri nimeweka seli 24 za lithiamu za volti 3.2, jumla volti 76.8. Hesabu zote tulipiga kwa kilowati 10 mlizoandika nyie, 10,000 gawanya kwa 76.8 ni kama ampia 130, ndo maana nikanunua waya wa milimita 35 ambao bei yake mnaijua.

Siku ya kwanza gari iliondoka vizuri mno, mama alikaa mbele akapiga vigelegele. Dakika moja tu mbele mota ikalegea. Tukadhani betri, tukapima seli moja moja zote nzima, tukadhani waya umelegea, tukafunga upya, wapi. Klampu mita, kile kipimo cha ampia kinachobana waya, ndo ikasema ukweli: ampia 130 mwanzoni, halafu zinashuka mpaka 52 na zinaganda hapo hapo. 52 mara 76.8 ni kilowati 4. Nimerudia mara sita, asubuhi na jioni, jibu lile lile. Nikaibandua stika yenu kwenye mota na chini yake kuna kibati cha kiwandani kimeandikwa 4 kW, na 10 kW kwa sekunde 60.

Kijana wenu akaniambia kilowati 10 zipo kaka, ila ni za muda mfupi. Najua kila mota ina nguvu ya muda mfupi na nguvu ya kudumu, mngeandika zote mbili kama kiwanda kilivyoandika ningechagua mota nyingine siku ile ile. Nyie mmeifunika ile ndogo mkaacha kubwa. Naomba mniambie nani aliamua hivyo.

Fyuzi ndo imeninyima usingizi. Imeandikwa AC 500V, DC, yaani umeme wa betri, haijaandikwa popote. Umeme wa TANESCO ni hertz 50, unapita sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo fyuzi ikikatika ile cheche inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti sifuri, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya fyuzi ambayo tayari imekatika. Na hiyo fyuzi niliifunga chini ya kiti cha nyuma wanapokaa wanangu wawili, tenki la petroli haliko mbali. Nilimwambia muuzaji kabisa ni ya gari, ni ya betri, akasema hii hii wanachukua wote.

Kontrola nayo mlisema inarudisha chaji ukikanyaga breki, kwenye programu yake hicho kitu hakipo. Hilo tunaweza kuongea.

Nataka mota ya kilowati 10 za kudumu, kama bei imezidi nitaongeza, au mnirudishie pesa yangu yote, ndani ya siku 14. Fyuzi ya DC naitaka leo, na tafadhali wapigieni simu wote waliochukua zile za AC kwa ajili ya betri, msisubiri mtu gari yake iungue. Mkikaa kimya napeleka risiti, stika na picha za kibati Tume ya Ushindani, FCC.

Mota nimeshaifungua kwenye gari, ipo gereji imefunikwa, mnaweza kuja kuichukua siku yoyote isipokuwa Jumapili. Namba yangu mnayo.

Mteja wenu,
mwenye Corolla nyeupe