Mdogo wangu, tumbo lako halikudanganyi

Mdogo wangu mpendwa,

Jumapili jioni ulikuwa ukipiga pasi shati la kazini, simu ikatoa mlio wa ujumbe, ukaweka pasi kando na kushika tumbo kabla hata hujatazama nani kakuandikia. Ulidhani ni msimamizi wako wa kazini, kumbe ujumbe ulikuwa wa mama tu. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wapo wengi wanaoshika tumbo namna hiyo.

Umemeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi, umepimwa presha mara tatu, na bado unasema labda wewe ni dhaifu. Sikubaliani nawe hata kidogo. Msimamizi anayekufokea mbele ya wenzako, anayekuficha taarifa za kazi kisha akakulaumu kwa kutozijua, anakuumiza mwili ingawa hajakuinulia mkono. Mtu akihisi hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo huenda mbio, presha hupanda, misuli ya shingo na mgongo hukaza, na usagaji wa chakula tumboni huzorota. Yote hayo humfaa mtu aliyekutana na nyoka njiani, maana nyoka akishapita mwili hutulia. Lakini wewe, yule unayemwogopa unamkuta kazini kila asubuhi, na usiku maneno yake yanakurudia kitandani, kwa hiyo mwili haupati mwanya wa kupumzika, usingizi unakuwa wa mang'amung'amu na kichwa kinaamka kikiuma.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wafanyakazi wapatao 79,000 wa Sweden na Denmark, na waliosema wanaonewa kazini walionekana kuwa na hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 59. Sisemi kwamba kila moyo unaougua umeuguzwa na bosi. Nasema daktari anayekuuliza unakula nini na unalala saa ngapi anapaswa pia kusikia unavyotendewa kazini, na asipouliza, mwambie mwenyewe.

Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyechunguza uonevu huu nchini Sweden katika miaka ya 1980, aliuhesabu pale vitendo vilipojirudia angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi sita. Wewe umeshapita hapo. Hata hivyo huhitaji kungoja idadi itimie, kwa kuwa Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unatambua kwamba hata tendo la mara moja laweza kuwa unyanyasaji, na kwamba madhara ya kisaikolojia ni madhara kamili. Mkataba huo huzibana nchi zilizouridhia, kwa hiyo kiulize chama cha wafanyakazi sheria ya kwenu inasemaje.

Nami nina kosa langu. Uliponieleza mara ya kwanza nilikwambia uvumilie, nikidhani nakufunza ukakamavu, na tangu siku hiyo ukanyamaza. Nisamehe.

Nunua daftari, uliweke nyumbani wala si kwenye meza ya ofisini, uandike tarehe, maneno yaliyosemwa, waliokuwapo, na jinsi ulivyojisikia mwilini siku hiyo. Alhamisi asubuhi sina kazi. Nitakupitia twende wote kwa daktari, nawe uje na daftari hilo.

Kaka yako